Alihamia na paka kwenye nyumba ya mama aliyeapa hataki tena mnyama

Mtandaoni kila mtu anapenda paka. Mposti amelala juu ya mto, makopa yanamiminika, watu wanauliza anaitwa nani na anakula nini. Sasa mpigie dalali, mwambie unatafuta chumba na sebule Tabata, choo ndani, maji ya uhakika, luku yako mwenyewe, halafu malizia na "ila nina paka". Utasikia kimya kidogo, kisha "sawa dada, nitakucheki". Hakucheki ng'o.

Binti mmoja wa miaka 26, anayefanya kazi kitengo cha huduma kwa wateja (yaani kutwa nzima anasikiliza watu wakimfokea kwenye simu), aliambiwa hiyo "nitakucheki" mara nne ndani ya wiki moja, Januari, wakati wa kuhama. Dalali wa tano alikuwa na huruma kidogo. Alimwambia, "Sista, huyo paka usimtaje. Lipa, ingia, mlete usiku kwenye begi. Mama akija kushtuka wewe ushalipa miezi sita, atakufanya nini?"

Ushauri huo wengi wanaufuata, na mwanzoni unaonekana wa akili. Ila binti alipiga hesabu. Kodi ilikuwa laki na themanini kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, jumla 1,080,000. Weka mwezi mmoja wa dalali, unafika 1,260,000. Pesa hiyo ilitoka kwenye akiba, mkopo wa kazini na zamu yake ya mchezo ambayo aliomba isogezwe mbele. Akifukuzwa mwezi wa pili, hana pa kuanzia tena.

Halafu kuna hesabu nyingine ambayo dalali hakuipiga. Ua ni mmoja. Kamba ya kuanikia ni moja. Mama mwenye nyumba anaishi nyumba ya mbele na kila asubuhi anafagia mpaka mlangoni kwa wapangaji wake. Paka atafichwa wapi? Na ukimficha, unaishi kwako kama mwizi. Dirisha hufungui, fundi bomba humwiti, harufu unaizima kwa udi. Mbaya zaidi, kitu kikichanika au kikiloa huwezi kukisema, kwa hiyo kinakaa hivyohivyo mpaka kinaoza. Nyumba nyingi za kupanga hazijaharibiwa na paka wala mbwa. Zimeharibiwa na ile siri.

Kwa nini asimgawe tu huyo paka yakaisha? Hapo ndipo penye stori yenyewe.

Paka anaitwa Mgeni. Jina alipewa na mama yake binti kule Korogwe, kwa sababu aliingia mwenyewe siku ya mvua, kidogo kama ngumi, akakaa chini ya meza na hakutoka tena. Mama alifariki mwezi wa kumi. Baada ya arobaini ndugu wakagawana vitu. Kaka mkubwa akachukua televisheni, shangazi akachukua masufuria na vitenge, jirani akapewa kuku. Mgeni hakutajwa na mtu. Alikuwa amelala juu ya kiti cha marehemu, na kile kiti kilipobebwa akashuka, akalala pale kilipokuwa. Binti akaomba tenga, akamweka humo, akapanda naye basi mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Kondakta alimlipisha mzigo. Hakubisha.

Kwa hiyo alipofika kwa mama mwenye nyumba, kabla hata ya kuonyeshwa jiko, akasema.

"Shikamoo mama. Kabla sijatoa hela nina jambo. Nina paka."

"Marahaba. Basi hela yako kaa nayo, mwanangu. Mnyama hapa nilishakoma."

Wengi hapo wangebembeleza au wangeondoka. Yeye kazi yake imemfundisha kwamba mtu mwenye hasira anataka kwanza asikilizwe. Akauliza tu, "Mama, kwani ilikuwaje?" Mama akavuta stuli.

Mama huyu ni nesi mstaafu. Nyumba ya nyuma yenye wapangaji watatu aliijenga kwa kiinua mgongo chake, na kodi yake ndiyo dawa za presha na ada ya mjukuu. Kabla ya binti, pale palikaa kijana mmoja na mbwa wake. Makubaliano yalikuwa mbwa alale nje bandani, kwa sababu mama ni mswalihina na hakutaka mbwa azunguke anaposwalia. Wiki ya tatu mbwa akaingia ndani. Kijana anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku, mbwa kafungiwa peke yake. Mlango wa chumbani, wa mninga halisi, ulikwanguliwa kwa kucha mpaka robo yake ya chini ikawa kama imepigwa randa mbovu. Majirani walilalamika kelele. Mwisho wa yote kijana akahama usiku, mama akaamka na funguo zimening'inizwa mlangoni.

Katika kusimulia, mama mwenyewe alisema neno la haki: mbwa hakuwa na kosa. Mbwa anayefungiwa peke yake saa nyingi anakwangua mlango kwa hofu na upweke, anataka kutoka. Kijana hakumtembeza, hakuwa hata na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mbwa anatakiwa kuirudia kila mwaka. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, hata kama ni wako na umelipa kodi ya nyumba. Ukiwa na ratiba ya kutoka alfajiri na kurudi usiku, mbwa mkubwa ndani ya chumba kimoja ni mateso kwenu nyote watatu: wewe, yeye na mwenye nyumba.

Binti alisikiliza nusu saa nzima. Halafu akatoa pendekezo.

Kwanza, wapite wote wawili kila kona na simu, warekodi video: kuta, tailizi, mlango, nyavu za madirisha, dari ya gipsamu, sinki. Video ibaki kwenye simu zote mbili. Pili, paka asiingie chumbani kabisa, awe wa sebuleni na jikoni. Hilo lilikuwa rahisi, maana manyoya yakikaa kwenye shuka yeye mwenyewe hupiga chafya usiku kucha. Tatu, kitu chochote kikiharibika, mama aambiwe siku hiyohiyo, kabla hajakiona. Nne, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mama aje kukagua, chai ipo.

Mama akawaza. "Na viroboto?"

"Nikiona kimoja, nakwambia."

"Miezi sita," mama akasema. "Ikinuka, mkataba ukiisha unakwenda." Akachukua kalamu, akaandika hivyo chini ya ile fomu ya mkataba ya kununua steshenari, wote wakasaini.

Wiki ya kwanza binti alishughulika na choo cha paka kabla ya mapazia. Beseni pana la plastiki, juu yake mchanga mkavu uliochekechwa, kisha baadaye akagundua maranda laini kutoka kwa fundi seremala yananyonya vizuri zaidi na anayapata bure. Uchafu anautoa asubuhi na jioni, anafunga kwenye mfuko, unakwenda na gari la taka. Hamwagi chooni. Ukimwaga mchanga chooni leo na kesho, siku moja chemba inaziba, na fundi akifungua ataona mchanga wako, hapo hakuna wa kumsingizia. Beseni lenyewe analiosha kwa sabuni na kulianika juani kila wiki, na analo la pili la kubadilishia. Paka ni msafi kuliko watu wanavyodhani. Beseni likiwa chafu ndipo anatafuta kona nyingine, na kona hiyo huwa ni ya mwenye nyumba.

Kucha zilikuwa suala la pili. Paka lazima akwangue, ndivyo anavyosafisha kucha na kunyoosha mgongo na kuweka alama kwamba hapa ni kwake. Huwezi kumkataza, unaweza tu kumpa cha kukwangua. Binti amekulia Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, na alikumbuka kwamba Mgeni alikuwa hagusi kiti cha mama yake kwa sababu palikuwa na kigudulia cha katani mlangoni. Akanunua kamba ya katani dukani, akaizungushia kipande cha nguzo kirefu kama mita moja, akakipigilia kwenye ubao mzito kisiyumbe. Akakiweka jirani kabisa na kochi, siyo kona ya mbali, maana paka hukwangua pale wanapokaa watu. Vitu hivyohivyo huko nje vinauzwa ghali kwenye maduka ya wanyama, na nyuzi zake ni mkonge uleule.

Zulia la manyoya aliloletewa zawadi alilikunja akampa rafiki. Viroboto unaowaona juu ya mnyama ni wachache. Mayai na watoto wao wamejaa kwenye zulia, kwenye matandiko na kwenye nyufa. Sakafu ya tailizi inadekiwa, kitambaa anacholalia Mgeni kinafuliwa kwa maji ya moto kila Jumamosi. Dawa ya viroboto aliinunua kwa daktari wa mifugo na akasoma pakiti mara mbili, kwa sababu dawa nyingi za mbwa zina permethrin, na hiyo kwa paka ni sumu ya kuua. Watu wengi wamepoteza paka kwa kugawana dawa na jirani mwenye mbwa.

Jumamosi ya kwanza ya ukaguzi mama alipita akinusa kama anatafuta gesi inayovuja. Hakusema kitu. Akanywa chai, akamtazama Mgeni anavyokula dagaa, akauliza kama anakamata panya. Binti akajibu ukweli: panya walikuwa wanapita kwenye gipsamu, Mgeni anainua sikio moja halafu anaendelea kulala.

Mama akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako mwezi mzima hajashika jembe."

Februari nyavu ya dirisha la sebule ikachanika. Mgeni aliona mjusi upande wa pili, akarukia. Tundu la kupitisha ngumi. Ilikuwa saa mbili usiku, na nyavu Dar siyo urembo, ni mbu na malaria. Binti alikuwa amechoka, mshahara umebaki mkia. Angeweza kuziba kwa gundi na kusubiri. Alipiga picha, akamtumia mama hapohapo na maneno mafupi, "Mama, Mgeni kachana nyavu. Kesho fundi aluminiamu anakuja, nalipa mimi." Mama alijibu "Sawa" tu. Lakini kesho yake fundi alipokuja, mama ndiye aliyempigania bei.

Machi ikaleta maneno. Mpangaji wa chumba cha kati alikuwa mjamzito, na mtu akamwambia paka anatoa mimba. Mumewe akaja juu, anataka paka aondoke. Hapa unesi wa mama ukafanya kazi. Aliwaita wote uani akawaeleza taratibu. Kuna kimelea kinaitwa toksoplazma, na kweli kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinatoka kwenye kinyesi cha paka mwenye maambukizi, siyo kwenye manyoya yake wala pumzi yake. Kikishatoka kinahitaji kuanzia siku moja mpaka tano ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo choo kinachosafishwa kila siku kina hatari ndogo sana. Mjamzito asiguse beseni la paka, basi. Halafu mama akamgeukia yule mume, "Na ile mishikaki ya damudamu unayomletea usiku? Nyama isiyoiva inaleta kimelea hichohicho. Na kachumbari isiyooshwa pia. Anza na hizo." Ua mzima ukacheka, na kesi ikaisha.

Aprili ndiyo kimenuka, na ni kimenuka kweli.

Masika ilikuwa imekolea, nguo haziikauki, kuta zina unyevu. Binti akirudi kazini anakutana na harufu mlangoni. Siyo harufu ya beseni. Ni ile kali, ya kuchoma pua. Akadeki, ikarudi. Akahamisha kochi, akaona michirizi ukutani chini ya dirisha. Mgeni sasa alikuwa dume kamili, na kuna dume la mtaani lilikuwa linapita dirishani kila usiku likijitangaza. Mgeni akawa anajibu kwa njia ya madume: anasimama, mkia juu, anarusha mkojo ukutani. Ilikuwa ni mpaka wake, anaulinda. Lakini ukuta ni wa mama.

Hilo alilisema siku hiyohiyo, kama kawaida. Kilichomchanganya ni kingine. Harufu ilikuwa kali zaidi chumbani, mahali ambapo Mgeni hajawahi kukanyaga. Godoro safi, ukuta safi, lakini chumba kinanuka kama banda. Jumamosi ya ukaguzi ilikuwa keshokutwa.

Mama alikuja, akaingia sebuleni, akakunja uso. Akaingia chumbani, akatoka. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Binti yangu, nilikwambia. Juni unakwenda."

Usiku ule binti hakula. Alikuwa ameanza kuangalia matangazo ya nyumba kwenye simu, na kuna rafiki alimwambia kwa nia njema, "Huyo ni paka tu, mrudishe Korogwe." Korogwe kwa nani? Nyumba ina wapangaji wengine sasa.

Akaenda dukani kwa Mangi kununua Jik, alitaka amwage chupa nzima. Mangi alikuwa anakagua noti ya elfu kumi kwa kile kitochi chake cha mwanga wa zambarau. Binti akakumbuka kitu alichowahi kukisoma: mkojo wa wanyama, hata ukikauka, unang'aa chini ya mwanga ule. Akaacha Jik juu ya kaunta, akaomba kitochi kwa saa moja.

Akaenda moja kwa moja kwa mama. Saa tatu usiku. "Mama, naomba uje uone kitu. Hata kama Juni naondoka."

Wakazima taa. Sebuleni, ukuta wa chini ya dirisha ukawaka: michirizi ya rangi ya limau, kimo cha goti, inatiririka mpaka chini. "Hii ni ya kwangu," binti akasema. "Yote hii, naisafisha na kupiga rangi upya." Kisha wakaingia chumbani. Kuta giza tupu. Lakini sakafuni, karibu na ule mlango wa mninga uliokwanguliwa, mistari ya grauti kati ya tailizi ilikuwa inang'aa, miraba kwa miraba, eneo pana kama la mtu kulala. Na sehemu ya chini ya fremu ya mlango nayo.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Alichuchumaa, akagusa grauti kwa kidole, akanusa. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kumbe yule kijana aliniachia na hii."

Maelezo yake ni haya. Mkojo ukikauka unaacha chembechembe za asidi ya yuriki, na hizo haziondoki kirahisi kwa maji na sabuni. Tailizi yenyewe haipenyezi maji, ila grauti ina vitundu kama sponji, inanyonya. Kiangazi kila kitu ni kikavu, hunusi kitu. Masika ikija, unyevu unaziamsha zile chembechembe na harufu inarudi kama ya jana. Januari wote wawili walipita na simu wakarekodi, na hakuna aliyeisikia.

Binti akauliza kama wamwage Jik usiku huohuo. Mama akamshika mkono. Hospitali walifundishwa hivyo tangu wakiwa wanafunzi: usimwage klorini juu ya mkojo. Mkojo una amonia, na vikikutana vinatoa hewa inayochoma macho na kubana kifua, hasa kwenye chumba kidogo kilichofungwa. Kufungua madirisha, maji mengi na sabuni kwanza, kisha dawa ya vimeng'enya inayouzwa kwenye maduka ya mifugo, ile inayomeng'enya chembechembe zenyewe badala ya kuzifunika kwa manukato.

Wakagawana kazi. Mama alimwita fundi tailizi, akakwangua grauti ya zamani pale mlangoni na kujaza mpya, kwa pesa yake, akisema deni la mpangaji aliyehama halimhusu mpangaji aliyepo. Binti akasafisha ukuta wa sebule kwa ile dawa siku tatu mfululizo, akauacha ukauke vizuri, kisha akapiga rangi ya mafuta ya rangi ileile mpaka kimo cha kiuno, ili siku nyingine ifutike kwa kitambaa. Kioo cha chini cha dirisha alikibandika karatasi ya ukungu, Mgeni asimwone tena yule adui wa usiku.

Na akampeleka Mgeni kwa daktari wa mifugo kuhasiwa. Pesa ilikuwa ya kusuka na ya viatu. Akabaki na mabutu. Daktari alimwambia asitegemee muujiza wa siku moja, homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, ila madume wengi huacha kurusha au hupunguza sana. Mwezi wa tano katikati, ukuta ulikuwa mkavu. Kitochi cha Mangi kilirudishwa na soda mbili.

Juni ikafika. Mama alikuja na fomu mpya ya mkataba na kodi mpya: laki moja na tisini. Binti akaangalia chini. Mama akamwambia asiwaze, wapangaji wote watatu wamepandishiwa elfu kumi, siyo ya paka. Kisha akaandika kwa mkono wake, kwa ule mwandiko wa kinesi usiosomeka vizuri, kifungu ambacho fomu za steshenari hazina: paka mmoja, dume, amehasiwa, anaruhusiwa sebuleni na jikoni, kitakachoharibika kisemwe siku hiyohiyo, kilichokuwepo kabla hakidaiwi.

Hicho cha mwisho binti hakukiomba. Alikisoma mara mbili, akasaini, akaenda kuweka chai.

Mgeni bado hakamati panya. Mama alishanunua mtego.

Sasa wewe unayesoma hapa, na paka yuko chini ya kitanda na mwenye nyumba hajui: ni kitu gani ndani ya hicho chumba kimeharibika na hujakisema? Na wewe mwenye nyumba unayeandika "wanyama hapana" kwenye tangazo, mpangaji wako wa mwisho alikuwa na mnyama, au alikuwa na siri?